Aliyefungua Buti kwa Adabu

Nianze na swali la mama, kwa sababu ndilo lililotangulia mengine yote, na mpaka leo sijalijibu vizuri. Siku tuliyopata habari kwamba kitindamimba wetu amekamatwa na polisi huko Amerika, mama hakulia. Alikaa kwenye stuli yake mlangoni, akakaza leso kiunoni, akaniuliza, "Ni nani amemshtaki?"

"Serikali ya jimbo," nikamwambia.

"Serikali si mtu. Nakuuliza, ni nani ameibiwa? Ama ni nani amepigwa? Utuambie jina, tutafute watu wake tuongee."

Hiyo ndiyo njia tunayoijua. Sisi ni watu wa upande wa magharibi wa nchi tuliokuja Eldoret kufuata kazi, na mtaani Huruma ndiko tulikokulia, vyumba vya kupanga vikiangaliana na kila mtu akijua mwenzake anapika nini. Kijana akikosea, wazee wanabeba sukari na majani ya chai, wanaenda kwa mlalamishi, wanasema pole, wanakunywa chai, na kesho yake mlalamishi anaenda kituoni kusema kwamba mambo yameisha. Nimeona kesi nyingi zikifa kwa njia hiyo, nyingine zikistahili kufa na nyingine hazikustahili kabisa. Kumbe kuna nchi ambapo mtu anaweza kushtakiwa na asiwepo hata mmoja wa kupelekewa sukari. Mama hakuliamini jambo hilo. Alidhani mimi ndiye niliyekosa kuuliza vizuri.

Kisa chenyewe kilikuwa kifupi. Mdogo wangu alikuwa akitoka kazini, kwenye nyumba moja ya kutunzia wazee, na taa ya nyuma ya gari lake ilikuwa imeungua. Polisi akamsimamisha. Wakaongea juu ya taa, wakamalizana, kisha yule polisi akamuuliza kama angeweza kuangalia ndani ya buti ya gari. Kijana wetu akasema karibu. Akashuka, akazunguka, akafungua mwenyewe. Na kwa sababu ile buti ilikuwa mbovu, mfuniko wake haukai juu bila kushikwa, alisimama pale akiushikilia kwa mkono ili usimwangukie polisi kichwani wakati anapekua.

Ndani kulikuwa na mfuko wa mwenzake waliyekuwa wakiishi nyumba moja, aliyemwomba amfikishie rafiki yake mjini. Hakuufungua. Nani kwetu hufungua mzigo wa mtu? Hapa Eldoret watu hutumana kila siku. Ukienda Moiben jirani anakupa kifurushi cha shangazi yake, unakiweka miguuni, unakifikisha, na ukikichungulia utapata jina baya mtaani. Katika mfuko ule kulikuwa na vidonge vya maumivu, vingi, vya aina ambayo huko huruhusiwi kuwa nayo bila cheti cha daktari. Mwenzake alipopigiwa simu hakushika, na baadaye hata namba yenyewe ikafa.

Kijana hakuwa raia, na hapo ndipo penye uzito. Tuliambiwa wazi kwamba akipatikana na hatia ya vidonge atafungwa, na akitoka jela atapakiwa kwenye ndege arudishwe, asikanyage tena. Alikuwa karibu kumaliza masomo ya uuguzi. Mtaa mzima ulikuwa umemwombea viza ile.

Aliyetuambia hayo alikuwa wakili wake, msichana mdogo kuliko mimi, na hatukumtafuta sisi. Serikali ndiyo iliyompa kijana. Nilipomweleza mama hivyo aliacha kuchambua mboga.

"Serikali gani?"

"Ile ile."

"Ile imemshtaki?"

"Ndiyo, mama. Huko mtu akikosa uwezo wa kuweka wakili, anapewa mmoja."

Mama akacheka, lakini si kicheko cha furaha. "Yaani anayenichapa ndiye ananitafutia wa kunitetea. Kikulacho ki nguoni mwako. Huyo msichana na huyo anayeshtaki wanapokea mshahara dirisha moja, halafu wewe unaniambia watapigana?"

Nilimwambia asimtukane mtu ambaye hajamwona. Lakini nilipokuwa peke yangu nililiwaza lile dirisha moja.

Simu ya kwanza na yule wakili niliipokea nikiwa kazini. Mimi ni karani katika ghala la nafaka. Napokea malori ya mahindi kutoka Moi's Bridge na kwingineko, naandika, napima unyevu, nagombana na madereva. Wakili aliniuliza mambo mengi isipokuwa lile nililolingojea. Hakuuliza kama kijana alijua kilichokuwa mfukoni. Aliuliza kama nimesikia kutoka kwake polisi alisimama wapi. Alikuwa amemrudishia leseni au alikuwa nayo bado mkononi? Sauti yake ilikuwa ya kuomba au ya kuamuru? Mimi si mtu wa subira. Nikamkatiza nikamwambia, dada yangu, mfuko si wa kijana, mbona unaniuliza habari za leseni?

Akanieleza polepole, kwa sauti ya mtu aliyezoea kueleza. Polisi wa huko, alisema, hapekui mali ya mtu kama anavyotaka. Awe na kibali cha jaji, au awe na sababu nzito anayoweza kuisimamia, au awe amepewa ruhusa na mwenyewe. Yule polisi hakuwa na kibali, na taa iliyoungua si sababu ya kufungua buti. Alichokuwa nacho ni ruhusa tu. Na ruhusa huwa ruhusa ikiwa imetoka kwa hiari. Kama kijana alifungua kwa woga, akiona hana njia ya kukataa, jaji anaweza kusema kwamba upekuzi ule haukuwa halali, na kilichopatikana kisitajwe kotini. Bila vidonge hakuna kesi.

"Hata kama vidonge vilikuwa hapo?" nikamuuliza.

"Hata kama vilikuwa hapo."

"Kwa hivyo hatusemi kwamba si vyake?"

"Hilo litakuja baadaye. Kwanza tunasema havikufaa kuonekana."

Nilikata simu nikiwa nimechanganyikiwa kuliko nilivyoipokea. Nikarudi kwenye mizani, na lori lililokuwa limesimama pale likanisaidia kidogo. Kupima unyevu tuna chuma chembamba chenye mfereji. Unakichoma kwenye gunia, kinatoa mahindi kidogo, unayapima. Utaratibu ni kuchoma magunia ya juu, ya katikati na ya chini. Karani akichoma ya juu peke yake, dereva ana haki ya kuyakataa majibu, na tunayatupa, hata kama pua zetu sote zinatuambia kwamba mahindi yale yamelowa. Nikajiambia labda ni kitu cha namna hiyo. Lakini sisi tukitupa majibu, tunapima upya. Huko wanatupa na hawapimi tena, na swali la mfuko ni wa nani linabaki barabarani. Sijui kama nililielewa jambo lile au nilijiliwaza tu.

Nyumbani mama alikuwa na maswali mapya kila jioni. Alikuwa amesikia kutoka kwa mama mmoja wa kanisani kwamba kesi za Amerika huamuliwa na watu kumi na wawili.

"Hao ni wazee?"

"Hapana. Ni watu tu, raia wa hapo."

"Wanamjua kijana?"

"Wakimjua wanaondolewa."

Akaweka kikombe chini. "Anayemjua ndiye anafukuzwa, asiyemjua ndiye anabaki kumhukumu?"

"Ndiyo. Ili wasipendelee."

"Sasa watajuaje yeye ni mtu wa aina gani?"

Nikamwambia kwamba hao kumi na wawili hawakuwa wa sasa, kwamba kwanza jaji peke yake angesikiliza mambo ya upekuzi. Sikumjibu alichouliza, na yeye alijua sikumjibu. Mama hunitazama kwa namna fulani nikimkwepa, tangu nikiwa mtoto, na mpaka leo inanifanya nitafute kitu cha kuosha.

Basi yule wakili akataka shahidi kutoka nyumbani. Jaji, alisema, amekulia mahali ambapo polisi akiuliza kama anaweza kuangalia, mtu anajua anaweza kusema hapana. Alitaka jaji asikie, kwa mdomo wa aliyemlea kijana, polisi ni nani kwetu. Akamchagua mama. Wakaongea mara moja kwenye simu, mkalimani akiwa katikati, na mama akasimulia vizuri sana. Alisimulia msako wa chang'aa ulipopita ploti yetu na milango ya majirani ikavunjwa, ikiwemo ya mlokole ambaye hata soda hanywi. Alisimulia jinsi yeye alivyofungua wake kabla haujapigwa teke, akakaa kitandani akiwatazama polisi wakimwaga unga. Wakili alifurahi. Aliniambia, "Akisema hivyo siku yenyewe, tuko sawa." Kisha akanionya. Nisimfundishe mama cha kusema. Nisimwambie tunatafuta jibu gani. Aseme ukweli tu.

Nilitii, na kutii kule kulinitesa. Kwetu hakuna anayesimama mbele ya wazee kabla familia haijakaa ikapanga maneno. Si kupanga uongo. Ni kukubaliana nani ataanza, nini kisemwe na nini kiachwe kilale. Mama alingoja tukae. Jioni baada ya jioni aliniuliza tunakaa lini, na mimi nikamwambia tumekatazwa. Mwishowe akasema si neno, ataenda kama anavyoenda kutoa ushuhuda kanisani, Mungu atamwekea maneno kinywani. Nikasema amina. Ningekuwa na akili ya kuogopa, ningeogopa hapo.

Mama alikuwa atoe ushahidi kwa njia ya video, na asubuhi ya huko ni jioni ya huku. Mzee mwenye ghala alitupa ofisi yake kwa sababu ya mtandao, akazima mashine ya kupepeta, akawaambia wapagazi wasirushiane maneno mpaka tumalize. Mama alivaa sare yake ya kanisa na kitambaa cheupe kichwani. Tuliambiwa asiwe na mtu karibu isipokuwa mimi wa kuwasha kompyuta, nikae nyuma, nisitoe sauti. Akina mama wa kanisa walikuja hata hivyo. Nilipowazuia mlangoni walikaa nje juu ya magunia wakaanza kuomba kwa kunong'ona, na mnong'ono wa watu wengi si kitu kidogo.

Kwenye kioo watu walikuwa katika vijisanduku. Mdogo wangu alikuwa amevaa tai, amekonda. Jaji alikuwa mzee mwenye miwani, akinywa kitu kwenye kikombe kirefu, na aliongea kidogo kuliko wote. Jambo hilo lilimshangaza mama, maana alitegemea mkubwa ndiye aulize maswali. Mkalimani alikuwa na Kiswahili cha pwani kilichonyooka. Mama alipoapishwa aliinua mkono, akasema ndiyo, kisha akaongeza, "Bwana asifiwe." Mkalimani akasita, akaitafsiri. Jaji akainamisha kichwa kwa heshima.

Wakili wetu aliuliza kwanza, na mambo yakaenda kama alivyotaka. Msako, milango, unga chini. "Mtu wa kwenu anaweza kumwambia polisi usiingie?" "Hawezi." "Akisema?" "Ataona cha mtema kuni." Mkalimani aliihangaikia hiyo kidogo, lakini ikafika. Nikaanza kupumua.

Kisha ikawa zamu ya mwendesha mashtaka. Nilikuwa nimejiandaa kumchukia. Hakimu wa huku nimemwona, na mwendesha mashtaka wa huku nimemwona pia, akimfokea mwizi wa kuku mpaka mwizi anakubali na bata. Huyu alikuwa mwanamume wa makamo mwenye sauti ya upole. Alianza kwa kumwambia mama pole kwa umbali. Akamuuliza watoto wangapi, na huyu ni wa ngapi. Akasema kijana anaonekana ni mtu mwenye adabu, kwamba hata polisi aliandika hivyo, kwamba alimshikia mfuniko wa buti usimwangukie.

Mama akachangamka. Niliuona mgongo wake ukinyooka.

"Adabu hiyo aliipata kwako?" yule bwana akauliza.

"Kwangu," mama akasema. "Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu, na mimi sikutaka ulimwengu unifanyie kazi yangu."

"Ulimlea awe mtu wa kuogopa watu?"

"Hapana. Nililea watoto wa kumwogopa Mungu peke yake."

Wakili wetu akaingilia kati, akasema anapinga. Mama akamtazama kwenye kioo kama mtu aliyekanyagwa mguu na jamaa yake. Jaji akasema atasikiliza na atajua uzito wa kila neno. Yule bwana akaendelea kwa sauti ile ile.

"Kwa hivyo, Mama, wewe unayemjua kuliko sisi sote. Unafikiri alifungua ile buti kwa kuogopa?"

Nje akina mama walikuwa wamefika kwenye wimbo wa kunong'ona. Nilijua jibu lililotakiwa, na nilijua mama hatalisema. Kwake swali lile lilikuwa moja tu: je, mwanao ni mwizi anayetetemeka akiona polisi, au ni mtu safi? Mbele ya wazee wowote wa kwetu, mzazi huulizwa swali hilo, na likijibiwa vizuri kesi huwa imeisha. Nilifunga mdomo kwa kiganja.

"Mwanangu si mwoga," mama akasema. "Mwenye kuogopa ni mwenye kuficha. Alifungua kwa roho safi, kwa kupenda mwenyewe, kwa sababu hakuwa na kitu. Na mimi ningekuwa hapo ningefungua pia. Huyo polisi ningempa na chai."

Wakili wetu akapinga tena. Mama, akiwa bado hewani, akageuka akaniuliza kwa sauti, "Huyu msichana ananinyamazisha kwa nini na yeye ni wetu?" Mkalimani, maskini, akalitafsiri na hilo. Mwendesha mashtaka akamshukuru mama sana na kusema hana swali lingine.

Tulipotoka nje, akina mama walimkumbatia. Yeye aliwaambia kwamba yule mzungu anayeshtaki ni mtu wa Mungu, alimpa nafasi ya kusema, lakini yule msichana wa kutetea wamwangalie vizuri, maana kila yeye mama akitaja jambo jema la kijana, msichana anamkata. Waliomba hapo hapo, kati ya mizani na malori. Walimwombea mwendesha mashtaka kwa cheo chake, abarikiwe, azidi kuona haki. Nilisimama nao nikiwa nimeinamisha kichwa. Hasira ilikuwa imenijaa na sikujua ni ya nani. Si ya mama, kwa sababu kila alichosema kilikuwa kweli. Si ya yule bwana, kwa sababu hakudanganya hata mara moja. Kijana alikuwa hana hatia, ndiyo maana alifungua kwa moyo mweupe, na moyo mweupe ndio uliofanya ruhusa iwe halali. Mwenye hatia angetetemeka, na kutetemeka kungemwokoa.

Uamuzi ulitoka baada ya majuma machache. Jaji alisema polisi aliomba, hakuamuru. Alisema mshtakiwa alifungua mwenyewe na hata kumsaidia. Alisema pia kwamba mama wa mshtakiwa, shahidi ambaye yeye jaji alimwona mkweli kabisa, alithibitisha kwamba mwanawe alifanya hivyo kwa hiari na si kwa woga. Vidonge vikabaki kwenye kesi.

Nilimwambia mama sehemu moja tu, kwamba jaji amesema yeye ni shahidi mkweli kabisa. Akafurahi kwa muda wa kumimina chai kikombeni. Kisha akaiweka chini birika.

"Kama aliniamini, mbona hakumwachilia?"

Nikainuka kutafuta kitu cha kuosha. Hakukuwa na kitu.

"Nakuuliza wewe. Ni mimi nimemfunga?"

"Hapana, mama. Ni vidonge."

"Usinidanganye na mimi nimekuzaa."

Nikamweleza yote basi, hiari na woga, ruhusa na kibali, kadiri nilivyoweza. Alisikiliza bila kunikatiza, na hiyo si kawaida yake. Mwishoni akasema, "Ungeniambia niseme aliogopa."

"Nilikatazwa."

"Na ungeniambia," akasema, "nisingesema. Kwa sababu hakuogopa." Akajifunika uso na kitambaa na akalia, kwa mara ya kwanza tangu kesi ianze. Nililia naye. Sijawahi kumhurumia mtu kama nilivyomhurumia siku ile.

Yule wakili, ambaye mimi sasa nilikuwa nimeanza kumpenda, hakukata tamaa. Akaenda kuongea na mwendesha mashtaka. Hilo lilitushangaza tena, kwamba wanaopigana kotini hupigiana simu wakitoka. Akarudi na mapatano. Hakuna aliyetaka kupoteza siku nyingi na watu kumi na wawili kwa ajili ya mfuko ambao mwenyewe ametoroka. Wataondoa shtaka la vidonge. Badala yake kijana akiri kosa dogo, ambalo halina jela na halimgusi mtu upande wa uhamiaji. Kosa lenyewe ni kuvuruga utulivu hadharani. Yaani akubali kwamba siku ile barabarani alipiga kelele.

"Alipiga kelele?" mama akauliza.

"Hakupiga."

"Huyo? Huyo ambaye akiumwa na jino tunajua kwa kuona amevimba shavu?"

"Ndiyo, mama. Lakini akisema alipiga, anabaki. Akisema hakupiga, tunarudi kwenye vidonge."

"Na polisi anajua hakupiga?"

"Anajua."

"Na jaji?"

Nikasema nadhani anajua pia. Mama akasema hakumlea mtoto wake asimame mbele ya watu waliovaa majoho aseme uongo. Alisema kukiri ni kwa Mungu na kwa kosa ulilolifanya. Alisema nimpigie kijana nimwambie akatae, arudi nyumbani, mahindi yapo, Huruma ipo, hajafa mtu. Nilishika simu na sikuipiga. Kijana alishatuambia ataamua mwenyewe, na kwa sauti yake nilijua ameshaamua.

Siku ya kukiri tuliiangalia kwenye simu yangu, chumbani kwa mama, mwanga wa jioni ukiingia kwa mlango. Mahakama ile huonyesha kesi zake kwa yeyote anayetaka kutazama, nalo hilo mama hakulielewa, lakini alikuwa ameacha kuuliza. Aliegemeza simu kwenye chupa ya chai. Mdogo wangu alikuwa amesimama, mikono nyuma. Jaji akamuuliza kama kuna aliyemlazimisha. Hapana. Kama anakiri kwa hiari yake mwenyewe. Ndiyo. Kama anaelewa haki anazoziacha, moja baada ya nyingine, na kila moja akajibu ndiyo. Nilikuwa namtafsiria mama kwa kunong'ona.

Kisha jaji akasema, "Nieleze kwa maneno yako ulichokifanya."

Kijana akafungua mdomo. Tuliuona ukifunguka. Karani wa mahakama akainua kichwa, na jaji akasogeza sikio.

"Ongeza sauti," jaji akasema. "Karani hakusikii."

Nilimtafsiria mama na hilo. Aliitazama simu. Kisha akainama mpaka uso wake ukakaribia kugusa kioo.

"Sema, baba," akamwambia. "Sema kwa nguvu wasikie."

Kijana hakuweza kumsikia. Simu yetu ilikuwa ya kutazama tu. Lakini aliinua kichwa na kusema kwamba alipiga kelele, na safari hii karani akaandika.